Mirija ya kunasa gesi bila pampu kwenye meza za kadhafi wa Goma: je, namba zake zinaaminika?

Mwana_wa_Birere (Goma)

Jambo wakubwa zangu. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya kemia hapa Goma, na kwa ajili ya tasnifu yangu nimechagua kupima mvuke wa mafuta wanaouvuta kadhafi. Kwa wasioujua mji wetu, kadhafi ni vijana na akina mama wanaouza esansi (petroli) kwa chupa na mabidoni kando ya barabara. Ninayemfahamu zaidi ana meza ya mbao huku Birere. Anapotaka kujaza chupa kutoka bidoni la lita 20, hutumbukiza mpira, huunyonya kwa mdomo mpaka mafuta yapande, kisha huugeuzia mpira chupani kwa haraka na kutema mate pembeni. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku moja, na mtoto wake mchanga hulala kwenye kanga chini ya meza hiyohiyo. Sikuweza kuendelea kupita hapo kila asubuhi bila kutaka kujua kuna nini katika hewa ile.

Maabara mshirika ya ng'ambo imetuazima mirija 24 ya chuma kisichoshika kutu, kila mmoja ukiwa na urefu wa milimita 89 na unene wa milimita 6.4, na ndani yake umo unga mweusi wa kunasa mvuke. Hatukupewa pampu. Maelekezo yanasema tufungue upande mmoja, tuweke kofia yenye wavu, tuutundike mrija kwa siku 14, tuufunge tena na kuurudisha. Nilipoyaeleza hayo mbele ya walimu, mmoja aliniuliza: kama huvuti hewa, utajuaje ni lita ngapi zimepita ndani ya mrija? Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali hilo linanikosesha usingizi.

Ninaomba msaada kwa hilo kwanza. Pia nieleweshwe kama kuishi kwetu kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kunabadilisha chochote, na kama mirija hiihii inaweza kunasa gesi za Nyiragongo, kwa sababu kila ninapoitaja kazi yangu mtaani watu huniuliza habari za volkano kabla ya kuuliza habari za mafuta.

Mkemia_wa_Lubumbashi

Mdogo wangu, jibu la swali la mwalimu wako ni kwamba hakuna lita hata moja inayopita ndani ya mrija huo. Hewa iliyomo imetulia. Kinachosafiri ni molekuli zenyewe za mvuke, ambazo hujongea kutoka mahali zilipo nyingi kwenda mahali zilipo chache, kama tone la wino linavyoenea polepole ndani ya bilauri ya maji ambayo hakuna aliyeyakoroga. Mdomoni mwa mrija, mvuke una wingi uleule wa hewa ya nje. Kwenye uso wa unga, wingi huo ni karibu na sifuri, kwa sababu unga hushika kila molekuli inayoufikia. Kati ya sehemu hizo mbili pana nafasi tupu ya sentimita moja na nusu, na safari yote hufanyika katika nafasi hiyo.

Adolf Fick alionyesha mwaka 1855 kwamba kasi ya safari ya namna hii hutegemea tofauti ya wingi kati ya ncha mbili, upana wa njia, urefu wa njia, na wepesi wa molekuli yenyewe kupenya hewa. Kwa mrija wako upana ni karibu sentimita za mraba 0.2, urefu ni sentimita 1.5, na wepesi wa benzeni, kemikali mojawapo iliyomo katika esansi, kupenya hewa ni karibu sentimita za mraba 0.09 kwa sekunde. Zidisha wepesi kwa upana, gawanya kwa urefu, kisha zidisha kwa sekunde 60: utapata mililita 0.7 hivi kwa dakika. Shirika la Mazingira la Marekani, yaani EPA, katika mwongozo wake wa mirija hii, linatoa mililita 0.67 kwa aina mojawapo ya unga wa makala (makaa) ya grafiti, kwa hiyo hesabu ya karatasini na kipimo cha maabara vinakaribiana sana. Maana yake ni kwamba kila dakika mrija hunasa benzeni iliyo sawa na ile iliyomo katika mililita 0.67 za hewa ya pale ulipotundikwa. Hiyo ndiyo namba inayoshika nafasi ya pampu.

Hebu tufanye mfano. Siku 14 ni dakika 20,160. Zidisha kwa 0.67, utapata lita 13.5. Tuseme maabara imekuandikia kwamba mrija una nanogramu 135 za benzeni: gawanya kwa 13.5, utapata nanogramu 10 kwa lita, ambazo ni sawa na mikrogramu 10 kwa mita moja ya ujazo. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha benzeni kinachoweza kuitwa salama, kwa kuwa husababisha saratani ya damu. Angalia pia jina: ninaandika *benzeni*, na nakuomba ufanye hivyo katika tasnifu, kwa sababu wako Waswahili wanaoyaita mafuta yenyewe ya gari *benzini*, na msomaji atadhani umepima esansi nzima ilhali umepima kemikali moja tu iliyomo ndani yake.

Kuhusu kuaminika, mwambie mwalimu wako kwamba mwaka 2015 EPA iliwalazimisha wenye viwanda vya kusafisha mafuta kuzungushia mirija ya aina hii kwenye mipaka ya viwanda vyao na kuibadilisha kila baada ya siku 14. Tofauti kati ya sehemu yenye benzeni nyingi na ile yenye kidogo ikizidi mikrogramu 9 kwa wastani wa mwaka, kiwanda hutakiwa kutafuta chanzo na kukirekebisha. Hakuna serikali inayoweka sheria ya namna hiyo juu ya kifaa cha kubahatisha.

Hata hivyo uulize maabara ni unga gani hasa walioutia ndani, na kasi ipi ya unasaji inaendana nao. Unga wa Tenax, kwa mfano, hushika vizuri kemikali nzito lakini ni dhaifu kwa benzeni. Ukiuacha wiki mbili, sehemu ya ulichonasa hurudi hewani, nawe utaandika namba ndogo kuliko ukweli.

Jambo lililo kubwa zaidi kwangu ni hili: siku 14 hazimpimi kadhafi wako. Zinapima meza yake, usiku na mchana, hata saa zile ambazo chupa zimeondolewa na mwenyewe amelala nyumbani. Nimefanya kazi ya afya ya wafanyakazi migodini kwa miaka mingi, na nimeona ripoti nzuri za wastani wa mahali zikificha mateso ya mtu mmoja anayesimama kwenye mvuke. Tenga mirija michache ya kuvaliwa kwenye kola, karibu na pua, kwa saa nane za kazi. Katika saa nane mrija hunasa sawa na lita 0.32 tu, lakini kama hewa inafikia kikomo kinachopendekezwa kwa wafanyakazi na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, yaani sehemu 0.1 kwa milioni, mrija utakuwa na nanogramu 100 hivi, na mashine ya kuachilia mvuke kwa joto iliyounganishwa na kromatografia ya gesi, yaani mtambo wa kutenganisha kemikali, huziona bila taabu.

Mama_Nia (Bukavu)

Yaliyosemwa kutoka Lubumbashi ni kweli tupu, nami nataka kuongeza ya mikononi, kwa sababu mrija huu hauna akili ya kutofautisha mvuke wa kadhafi na mvuke wa mpimaji.

Mara yangu ya kwanza kufanya kazi hii, hapa Bukavu, niliandika namba za mirija kwa kalamu nene ya wino wa kunukia, ile tunayoandikia kwenye makatoni. Nikaifunga vizuri, nikaipanga kisandukuni, nikajiona nimefanya kazi safi. Majibu yaliporudi, mirija ambayo haikufunguliwa hata mara moja ilikuwa na tolueni na zaileni. Wino wa kalamu ile huyeyushwa kwa kemikali hizohizo nilizokuwa nikizitafuta. Ilinibidi kuitupa duru nzima, na niliwaomba radhi watu walionikaribisha nyumbani kwao kwa wiki mbili. Tangu siku hiyo natumia penseli na daftari tu, nikinakili namba iliyochongwa kwenye chuma, na sibandiki karatasi yoyote ya gundi kwenye mrija.

Mirija hiyo ambayo haikufunguliwa ndiyo iliyoniokoa nisitangaze uongo. Sisi tunaiita mirija shahidi. Inasafiri na mingine, inalala na mingine, inafika uwanjani, lakini haifunguliwi. Usiende bila hiyo hata kama mirija yako ni michache. Vilevile, mahali kadhaa tundika mirija miwili pamoja, mapacha. Mapacha wakitofautiana sana ujue kuna kizibo kilicholegea au mkono uliokosea.

Usisafirishe kisanduku katika gari lenye bidoni la mafuta nyuma, na huko kwetu nyote mnajua si rahisi kulipata gari lisilo na bidoni. Vaa glavu safi za pamba. Kizibo cha shaba kikazwe kwa vidole mpaka kigome, kisha robo mzunguko kwa spana; ukikaza kupita hapo unaharibu pete nyeupe ya ndani na kizibo hakitafunga tena. Andika saa na dakika ya kufungua na ya kufunga, kwa maana muda huo umo ndani ya hesabu yako kama ulivyo uzito wa benzeni. Mrija utazame chini, juu yake pawe na kipande cha bati cha kuzuia mvua, na usiubane ukutani wala kwenye kona isiyofikiwa na upepo kabisa, maana hewa iliyo mbele ya mdomo wake lazima ibadilike. Kwa meza za barabarani, mita moja na nusu hadi tatu kutoka chini inafaa. Baada ya kufunga, uweke penye ubaridi, na maabara iufanyie kazi ndani ya siku 30. Kwa sababu vifurushi vyenu hupitia Gisenyi na Kigali, panga tarehe ya usafiri kabla ya tarehe ya kutundika.

Na kadhafi mwenyewe umweleze yote kabla. Watu wale wamezoea kufukuzwa na kutozwa, kwa hiyo wakiona chuma kinaning'inia juu ya meza bila maelezo watakiondoa, na watakuwa na haki.

Mwana_wa_Birere (Goma)

Yaya, asante sana. Nilikuwa nimekwisha kununua kalamu ileile unayoisema, na leo nimeitoa kwenye begi. Mkubwa wa Lubumbashi, nimeyapokea ya kola. Imebaki habari ya mwinuko. Chuo kina pampu ndogo moja, na mwalimu anataka tuiweke kando ya mrija mmoja tulinganishe. Kasi hiyo ya 0.67 ilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Je, hapa kwetu ninaitumia hivyohivyo?

Mwalimu_wa_Fizikia (Goma)

Hapana, usiitumie hivyohivyo. Mgandamizo wa hewa Goma ni karibu hektopaskali 845, na usawa wa bahari ni 1,013. Hewa yetu ni nyepesi, molekuli hazigongani sana, kwa hiyo benzeni hupenya kwa wepesi zaidi. Gawanya 1,013 kwa 845, utapata 1.2. Kasi yako ya kweli ni mililita 0.8 kwa dakika. Usipoirekebisha, kila namba yako itakuwa kubwa kuliko ukweli kwa asilimia 20.

Mkemia_wa_Lubumbashi

Mwalimu, hesabu yako ya fizikia ni sahihi, ila hitimisho lake linahitaji uangalifu, nami niliwahi kukosea papo hapo kabla ya kufundishwa na walionitangulia. Hata sisi huku tuko juu ya mita 1,200, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

Mgandamizo unapopungua, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Molekuli husafiri kwa wepesi zaidi, kama ulivyosema. Lakini pia katika kila mita ya ujazo mna molekuli chache zaidi, za hewa na za benzeni vilevile. La kwanza linaongeza kwa 1.2, la pili linapunguza kwa kiasi kilekile, na yote mawili yanafutana. Ndiyo sababu mrija uliotundikwa Goma na mwingine uliotundikwa Matadi, kama sehemu ya benzeni kwa bilioni ni ileile katika miji yote miwili na joto ni lilelile, vitarudi maabara na uzito ule ule.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea unataka kuandika nini. Turudi kwenye mfano wa nanogramu 135. Ukitumia 0.67 bila kuigusa, utapata mikrogramu 10, na hiyo ni namba iliyokwisha kuletwa kwenye mgandamizo wa usawa wa bahari. Ukitumia 0.8, utapata 8.3 hivi, ambayo ni benzeni iliyomo kweli katika mita moja ya ujazo ya hewa ya Goma. Zote mbili ni sahihi, mradi uandike ni ipi. Kikomo cha Umoja wa Ulaya, ambacho bila shaka utakitaja, kimewekwa kwa gesi iliyoletwa kwenye nyuzi 20 na mgandamizo wa usawa wa bahari, kwa hiyo namba ya kulinganisha nacho ni 10, si 8.3.

Pampu ndiyo itakayowachanganya. Pampu huhesabu lita za hewa ya Goma kama zilivyo. Itasema 8.3, mrija utasema 10, na mtu asiyejua atahukumu kwamba mrija umekosea. Leteni zote mbili kwenye mgandamizo mmoja kabla ya kuzilinganisha. Joto msilihangaikie sana. Athari yake ni ndogo, na kwenu hewa haibadiliki mno kati ya mwezi na mwezi.

Mwalimu_wa_Fizikia (Goma)

Nimekubali. Nilihesabu nusu ya jambo nikalitangaza zima. Tutaandika namba zote mbili katika jedwali, kila moja na mgandamizo wake.

Mzaliwa_wa_Sake

Nami nijibu la volkano, kwa kuwa nimekulia mahali ambapo swali hilo ni la uhai.

Mirija yenu haitanasa gesi za Nyiragongo mnazoziwazia. Salfa dioksidi inayofuka kutoka kreta haikai kwenye makala ya grafiti. Inahitaji kifaa kingine cha bila pampu, chenye karatasi iliyolowekwa dawa inayoungana nayo kikemia, kisha maabara hupima salfati iliyozaliwa. Kanuni ya mtawanyiko ni ileile ya Fick, lakini kinasio ni tofauti.

Mazuku ni habari nyingine kabisa. Neno letu hili limeingia katika maandishi ya wanavolkano wa dunia nzima, na maana yake kwao ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa sababu ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Asubuhi kabla upepo haujaamka, mbuzi anateremka shimoni akilamba nyasi na hapandi tena, na mtu anayemfuata kumwokoa anaweza asipande pia. Gesi hiyo huua kwa dakika. Kifaa kinachokupa wastani wa siku 14, majibu yake yakirudi mwezi unaofuata, hakiwezi kumwonya mtu yeyote juu ya mazuku, na naomba sana mtu akikuuliza mtaani umwambie hivyo waziwazi, asije akaona mrija umetundikwa karibu na bonde akadhani pale sasa pana ulinzi. Kwa hilo inahitajika mashine inayosoma papo hapo, na wa kuulizwa ni wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma.

Kitu kimoja ambacho mirija yako inaweza kukifanya, na sijaona kikitajwa, ni kutenganisha moshi na mafuta. Kila uwanja wa Goma una mbabula (jiko) ya makala, na kuni zinapoungua hutoa benzeni pia. Usitazame benzeni peke yake. Itazame pamoja na tolueni. Penye mvuke wa esansi na moshi wa pikipiki, tolueni kwa kawaida huizidi benzeni, mara nyingi kwa maradufu au zaidi. Penye moshi wa kuni, benzeni huwa sawa nayo au huizidi. Bila uwiano huo unaweza kumlaumu kadhafi kwa moshi wa jikoni kwa jirani.

Mwana_wa_Birere (Goma)

Wakubwa zangu, nimeyasoma yote mara mbili na nimepanga upya. Mirija 8 itakwenda kwenye meza nne, kila meza ikiwa na mapacha, kwa siku 14. Mirija 4 itatundikwa mtaa wa Himbi, mahali pawili mbali na barabara kuu na mbali na jiko, nayo kwa mapacha. Mirija 7 ni ya kola kwa saa nane, na 4 ni mashahidi. Maabara imenijibu leo kwamba unga ni makala ya grafiti, na imenitumia kasi ya kila kemikali, ikiwemo tolueni.

Jana jioni nilikaa na kadhafi wangu nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba sitalipeleka jina lake popote na kwamba yeye ndiye atakayeyasikia majibu kabla ya walimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakubali kuvaa mrija, kisha akaomba jambo moja: kwamba mrija mmoja uwekwe chini ya meza, usawa wa kanga ya mtoto. Urefu huo haumo katika maelekezo ya mtu yeyote. Huo ndio mrija wa 24.